VARIATERI YA MOTERI: TUNUNUE MPYA AU ILIYOKWISHA KUTUMIWA?



Katika namba hii sisi wa kilasi ya sita ya sayansi tunapenda kueleza jambo moja ambalo wengi wanatuuliza tangu komite ya wazazi ilipoanza kukusanya feza ya pompi ya maji. Moteri ya pompi ni ya fazi tatu. Umeme utatoka kwa plaki za jua. Katikati ya plaki na moteri lazima pawe chombo ambacho mafundi wanakiita variateri. Wengine wanasema: tununue iliyokwisha kutumiwa, bei yake ni chini sana. Wengine wanasema: apana, tununue mpya, maji ya masomo si mchezo. Kila upande una sababu zake. Sisi hatuwezi kuamua pahali pa komite. Lakini mzazi aliyeuza kahawa au mbuzi ili atoe sehemu yake ana haki ya kujua feza yake inakwenda kununua kitu gani, na mwanafunzi anayechota maji kabla ya kengele ana haki hiyo vilevile.

1. VARIATERI NI KITU GANI?

Tuanze na moteri yenyewe. Moteri ya fazi tatu ni chombo cha zamani. Nikola Tesla alipata hati za moteri za namna hii katika Marekani mwaka 1888, na mpaka leo ndiyo inayozungusha mashini nyingi za dunia, juu ni nguvu, ni rahisi kutengeneza, na haina vitu vingi vya kuharibika.

Ubaya wake ni mmoja: mwendo wake unafuata umeme. Katika inchi yetu umeme unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, ndiyo tunaita herzi 50. Hesabu yake mnaijua kwa fizika: zidisha 120 mara herzi, kisha gawanya kwa hesabu ya ncha za sumaku zilizo ndani ya moteri. Moteri ya ncha 4 inapata 120 x 50 : 4, maana yake 1500 kwa dakika. Kwa kweli inazunguka chini kidogo, kama 1440, kwa sababu moteri inabaki nyuma ya sumaku yake kidogo. Ukitaka iende polepole, huwezi kuiambia. Lazima ubadilishe herzi. Ukiipa herzi 40, sumaku inazunguka mara 1200. Ukiipa 25, mara 750.

Kazi ya variateri ni hiyo: kubadilisha herzi. Ndani yake mna vyumba vitatu, tuseme hivyo. Katika chumba cha kwanza mna diodi. Zinapokea umeme unaokwenda na kurudi, zinautoa ukienda upande mmoja tu, kama umeme wa bateri. Umeme wa volti 220 ukipita pale unakuwa karibu volti 310. Katika chumba cha pili mna kondensateri. Hizi ni kama pipa la maji: zinapokea umeme unaokuja kwa kurukaruka, zinautoa ukiwa umetulia. Katika chumba cha tatu mna transistori kubwa sita. Hizi zinakata ule umeme maelfu ya mara kwa sekunde na kuutengeneza upya kuwa fazi tatu, kwa herzi tunazotaka.

Wazo hili si jipya. Kiwanda cha Danfoss cha Denmark kilianza kutoa vyombo vya namna hii kwa wingi mwaka 1968. Siku zile vilikuwa vizito na bei kali. Leo variateri ya moteri ndogo mtu anaibeba chini ya kwapa.

2. JE, TUNAIHITAJI KWELI?

Hili ndilo ulizo la kwanza, mbele ya ulizo la mpya au ya zamani. Chombo ambacho huna lazima nacho ni ghali hata kikiuzwa bei ya chini.

Tutazame mashini ya kusaga mahindi. Mashini nyingi za vijiji vyetu zinakwenda kwa mazuti, na hapo variateri haina kazi. Mwenyi kuwa na moteri ya umeme na umeme wa fazi tatu naye anasaga kwa mwendo mmoja toka asubuhi mpaka jioni. Shida yake ni wakati wa kuanzisha tu, juu moteri ikianza inavuta ampere mara tano mpaka saba kuliko kawaida, na taa za jirani zinafifia. Kwa shida hiyo kuna chombo rahisi kinachounganisha moteri kwanza kwa nyota, kisha kwa pembetatu. Fundi wa hapa anaweza kukitengeneza, na bei yake ni ndogo. Huyu asinunue variateri.

Lakini mtu mwenyi umeme wa fazi moja na moteri ya fazi tatu ana lazima nayo. Variateri ndogo, mpaka kama kilowati 2, inaweza kupokea fazi moja ya volti 220 na kutoa fazi tatu za volti 220. Aangalie tu kibati cha moteri. Kikiandikwa 220/380, basi waya ndani ya kisanduku cha moteri lazima zifungwe kwa pembetatu. Zikifungwa kwa nyota moteri itazunguka bila nguvu, na mtu atasema variateri ni mbovu, kumbe si kosa lake. Tena, moteri ya fazi moja yenyi kondensateri ya kuanzishia haifai kufungwa kwa variateri ya kawaida. Inaweza kuharibu vyote viwili.

Na pompi? Pompi inafaidika zaidi kuliko mashini zote. Pompi ya maji inayozunguka inakula nguvu kwa kufuata mwendo mara tatu. Ukiipunguza mpaka sehemu 80 kwa 100 ya mwendo, nguvu inayotaka ni 0.8 x 0.8 x 0.8, ndiyo karibu sehemu 51 kwa 100. Nusu! Ndiyo maana asubuhi jua likiwa dogo pompi inaweza kuanza polepole, na saa sita ikaenda mbio. Lakini msidanganyike: maji yanapandishwa mlimani. Mwendo ukishuka sana pompi itazunguka tu na maji hayatafika kwa tanki.

Basi kwa pompi yetu jibu ni ndiyo, tunaihitaji. Sasa tuingie ndani ya ulizo letu.

3. UZURI WA ILIYOKWISHA KUTUMIWA

Uzuri wa kwanza ni bei. Viwanda vya Ulaya vikibadilisha mashini vinatoa variateri nyingi ambazo bado zinafanya kazi. Zinauzwa, zinasafiri, zinapita Kampala, zinafika kwa wafanyabiashara wa Bunia.

Uzuri wa pili: nyingi zilitengenezwa na viwanda vyenyi sifa. Transistori zake ni nene, sanduku lake ni la chuma, na kibati chake kinasema kweli. Variateri ya zamani iliyofanya kazi katika nyumba safi yenyi baridi inaweza kuishi kuliko mpya ya hila.

Uzuri wa tatu: haikufa katika siku za kwanza. Vyombo vya umeme vyenyi kasoro ya kiwandani mara nyingi vinakufa mapema. Hiyo imekwisha kupita mtihani ule.

4. UBAYA WAKE

Wazee wetu wamezoea mashini zinazotengenezwa. Mtambo wa umeme wa Budana, juu ya mto Shari, ulijengwa wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya zahabu ya Kilo-Moto, na ulitoa umeme Bunia kwa miaka mingi sana. Mashini ya namna ile ikiharibika fundi anafungua, anaona kilichovunjika kwa macho, anachonga kingine. Kwa hiyo mzee akisikia “ya zamani” anafikiri “ya nguvu”. Variateri si hivyo. Kinachoizeesha hakionekani kwa nje.

Cha kwanza kuzeeka ni kondensateri. Ndani yake mna maji ya dawa, na maji yale yanakauka polepole. Joto linayakausha upesi: mafundi wana kanuni kwamba kila digri 10 zikiongezeka, maisha ya kondensateri yanapungua nusu. Iliyokaa miaka kumi karibu na tanuru imezeeka kabisa, hata kama rangi yake inangaa.

Cha pili ni feni ndogo inayopoza. Vumbi na unga vinaiziba, kisha joto linapanda, kisha kondensateri zinakufa. Kwa bahati njema feni inabadilishwa kwa urahisi.

Cha tatu ni kulala. Watu wengi wanafikiri: “Hii haijatumiwa, ilikuwa katika depo tu, basi ni nzuri.” Apana. Kondensateri zikikaa mwaka mmoja au zaidi bila umeme ngozi yake ya ndani inapungua. Ukizipa volti zote mara moja zinaweza kupasuka. Lazima zipandishiwe umeme polepole. Hata variateri mpya iliyolala miaka katika duka ina shida hii, kwa hiyo tazama tarehe ya kutengenezwa.

Cha nne ni volti. Hii ndiyo inatega watu wengi. Variateri nyingi zinazotoka viwanda vya Ulaya ni za fazi tatu, volti 380 mpaka 480. Ukiipa volti 220 inakataa kuanza na kuandika kwamba umeme ni mdogo. Si mbovu, lakini kwako haina kazi.

Cha tano ni kitabu na funguo. Wenyewe wa kwanza waliandika ndani yake maagizo ya mashini yao, pengine wakaifunga kwa namba ya siri. Bila kitabu chake huwezi kuyafuta na kuandika yako.

Cha sita, kwa sisi wa plaki za jua, ni kikubwa kuliko vyote. Variateri ya kiwandani ilifanywa kwa umeme usiobadilika. Wingu likipita mbele ya jua volti zinashuka, nayo inasimama na kungoja mtu aje abonyeze. Variateri iliyotengenezwa kwa pompi za jua ina akili nyingine: wingu likija inapunguza mwendo, likipita inauongeza, na usiku ukiisha inaanza yenyewe. Nani atakuwa akikimbia toka kilasi mpaka kwenye pompi kila wingu linapopita, hapa kwetu juu ya bonde la Semliki ambapo mawingu hayatuombi ruhusa?

5. NAMNA YA KUPIMA ILIYOKWISHA KUTUMIWA

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka bei ya chini akubali kazi ya kupima, na kazi ile aifanye mbele ya kutoa feza.

Kwanza onyo. Variateri iliyozimwa bado ina umeme ndani ya kondensateri, na umeme ule unaua. Baada ya kuzima ngojea dakika 10, kisha pima kati ya + na – uone kwamba volti zimekwisha. Mwanafunzi asifungue chombo hiki bila mwalimu au fundi.

a) Soma kibati. Volti za kuingia, fazi ngapi, ampere za kutoka. Linganisha ampere, usilinganishe kilowati peke yake. Moteri ya kilowati 1.5 kwa volti 220 fazi tatu inataka karibu ampere 6. Variateri itoe hizo au zaidi. Tena, juu ya mita 1000 hewa ni nyepesi na haipozi vizuri: kwa kila mita 100 ondoa sehemu 1 kwa 100. Bunia iko karibu mita 1275, kwa hiyo ondoa kama sehemu 3.

b) Tumia macho na pua. Harufu ya kuungua, kondensateri iliyovimba kichwa, alama nyeusi, kutu ya maji, bizimu zilizokwanguliwa: ukiona moja, rudisha.

c) Zungusha feni kwa kidole. Ikikwama, hesabu bei ya feni nyingine.

d) Pima diodi kwa multimetri, chombo kikiwa hakina umeme. Pima toka + na toka – mpaka kila mlango wa kuingia na kila mlango wa kutoka. Upande mmoja utaonyesha karibu volti 0.3 mpaka 0.6, upande wa pili hautaonyesha kitu. Ukipata sifuri pande zote mbili, ndani mmeungua.

e) Iwashe mara ya kwanza ukipitisha umeme ndani ya taa ya zamani ya wati 100, iliyofungwa kwa waya mmoja wa kuingia, bila moteri. Taa ikiwaka kidogo kisha ikififia, ni vizuri. Ikibaki inangaa sana, zima upesi.

f) Ondoa taa, iendeshe bila moteri, pima kati ya milango mitatu ya kutoka. Multimetri ya kawaida inaweza kudanganya juu ya volti zenyewe, lakini vipimo vitatu lazima vifanane.

g) Mwisho funga moteri yenyi mzigo, iache saa moja. Muuzaji akikataa jambo hili, amekwisha kukujibu.

6. MPYA NAYO SI MALAIKA

Tusiseme kwamba mpya haina hatari. Kuna mpya za bei ya chini zenyi kibati cha uongo: zimeandikwa kilowati 4 na ndani mna transistori za 2. Kuna zilizobandikwa jina la kiwanda kikubwa ambacho hakikuzitengeneza. Na garanti ya miaka miwili ina maana gani kama muuzaji yuko Dubai? Kurudisha chombo kutakula feza kuliko chombo chenyewe. Garanti ya kweli kwetu ni muuzaji anayefikika, anayeandika jina lake juu ya fakture, na mwenyi kuuza feni na vipande vingine vya chombo kilekile.

Tena mpya inakufa upesi kama plaki zimefungwa vibaya. Variateri ya volti 220 inataka karibu volti 310 toka kwa plaki. Tuseme kila plaki inatoa volti 37 ikifanya kazi: plaki 9 zikifuatana zinatoa 333. Vizuri. Lakini plaki ileile isipofanya kazi inatoa, tuseme, volti 45, na 9 x 45 ni 405, tena asubuhi ya baridi zinapanda kidogo. Kibati cha variateri kikisema mwisho ni volti 400, imekwisha kufa. Variateri ya volti 380 nayo ingetaka karibu volti 540, maana yake plaki 15 pahali pa 9. Akiba ya chombo cha zamani ingekwenda yote kwa plaki.

7. HESABU

Tufanye mfano wa hesabu tu, si bei za soko. Tuseme mpya inauzwa 100 na iliyokwisha kutumiwa 40. Kwa hii ya pili tuongeze 15 ya feni na kondensateri, na 10 ya safari ya fundi. Inakuwa 65. Sasa tuseme mpya itaishi miaka 8: kila mwaka unalipa 12.5. Iliyokwisha kutumiwa ikiishi miaka 3, unalipa karibu 21.7 kwa mwaka. Ikiishi miaka 6, unalipa 10.8 tu, na hapo imeshinda.

Mpaka uko wapi? Gawanya 65 kwa 12.5, utapata miaka 5 na kidogo. Basi ulizo lote linakuwa fupi: je, hii ya zamani itaishi miaka zaidi ya mitano? Ukiwa umeipima na kujua ilitoka wapi unaweza kujibu. Kama hukuipima, unacheza kamari kwa feza ya watu.

Na hesabu hii haijatia siku za kukosa maji. Variateri ikifa mwezi wa mtihani, kilasi nzima inarudi kwa kisima na madumu, na wanaotangulia kutumwa mara nyingi ni wasichana. Saa zile za masomo hakuna duka linaloziuza.

8. BASI TUFANYE NAMNA GANI?

Sisi tunaona hivi:

– Kwa mashini ya mwendo mmoja yenyi fazi tatu: usinunue variateri.
– Kwa msumeno, feni au mashini ya karakana, ambapo kusimama siku mbili si msiba: iliyokwisha kutumiwa inafaa, ikipimwa namna tulivyoeleza.
– Kwa kujifunza kilasini: iliyokwisha kutumiwa, hata iliyo mbovu. Tungefurahi kupata moja, na mwalimu wetu angefurahi zaidi.
– Kwa pompi ya maji ya plaki za jua, inayongojewa na watu mia nyingi kila siku: mpya, ya namna ya pompi za jua, toka kwa muuzaji anayefikika. Ifungwe ndani ya sanduku pahali penyi kivuli na hewa, na waya wa udongo usisahauliwe.

Kama feza haitoshi, ni heri kungojea muhula mmoja kuliko kununua mara mbili. Na komite ikikubali, tunaomba kibati cha variateri kisomwe kwa sauti mbele ya wazazi siku ya kuinunua: volti, fazi, ampere, tarehe. Ni maneno manne tu, na kila mzazi aliyesoma ukurasa huu atajua yana maana gani.

Wenyi maulizo watuone katika labo siku ya posho, baada ya kazi za mikono. Multimetri iko, na plaki moja iko. Njooni tupime pamoja.